Soda za Heshima na Mswaki wa Mfukoni

Nimeng'oa meno ya watu kwa miaka mingi mno, kiasi kwamba hata sasa nikiwa nimestaafu, nikikutana na mtu njiani hapa Kabanga namwangalia mdomo kabla ya macho. Ni tabia mbaya, najua. Jirani yangu alishanilalamikia kwamba namsalimia huku namkagua. Nimemwambia anivumilie, maana barua ya kustaafu ilinitoa kazini ila haikuitoa kazi mwilini mwangu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea utabibu wa kinywa na meno, na ninyi wengine ambao hamna habari na kazi hiyo lakini mnakunywa soda. Yaani nyote. Sitafuata mpangilio wa miaka, kwa sababu kichwa changu hakikumbuki hivyo. Ila nawaambia mapema jambo linalonikalia moyoni: kuna mtu mmoja, mtu mwema kabisa, aliyepoteza meno yake ya mbele kwa sababu alifuata ushauri wangu neno kwa neno. Nataka habari yake ibaki vichwani mwenu. Hayo mengine nitakayosema ni ya kuisindikiza.

Nilianzia kazi Kibondo, kwenye kituo kimoja cha afya ambacho jina lake tuliache. Kiti cha meno kilikuwa cha mbao, kile cha kawaida cha kulia chakula, na kichwa cha mgonjwa kilishikiliwa na ndugu yake aliyesimama nyuma. Vifaa tulivichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Ninyi leo mna mashine ya kutakasia vyombo inayolia ikimaliza kazi, basi msiisahau kama sisi tulivyosahau sufuria siku moja mpaka maji yakakauka na koleo zikawa nyeusi.

Aliyenifundisha ni Tabibu Gervasi, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Wakulima wa Busunzu walikuwa wakiniona mimi, mwanamke mwembamba, wanageuza shingo kumtafuta mwanamume. Mmoja aliniambia waziwazi kuwa gego lake lina mizizi ya mwembe, halitatolewa na mikono ya kukandia unga. Gervasi akamwambia akae chini, kisha akaniambia mimi nisivute. Nilisukume jino pole kwa pole, ndani, nje, ndani, nje, mpaka lichoke lenyewe. Likatoka. Yule mkulima akaliangalia, akaniangalia, akaomba alibebe nyumbani. Mpaka leo nawaambia wanafunzi kwamba anayetumia nguvu kwenye jino atabaki na nusu ya jino mkononi, na nusu iliyobaki itamtesa mchana kutwa.

Gervasi alikuwa na utaratibu mmoja ambao niliudharau. Kabla ya kushika koleo, unamwomba mgonjwa aonyeshe jino kwa kidole chake mwenyewe, unaligusa, unahesabu kwa sauti, unaangalia pembeni, unahesabu tena. Nilikuwa naona ni upuuzi wa mzee. Siku niliyouruka nilimng'oa mama mmoja jino zima, jirani wa lile bovu. Nilipogundua nilitaka kuling'oa na lile bovu kimyakimya, kisha nimwambie yote mawili yalikuwa yameoza. Gervasi alisimama mlangoni. Alisema neno moja tu: nimwambie kabla ganzi haijaisha, na niseme mimi, si yeye. Nilimwambia. Yule mama alilia, akanitukana kwa Kiha kwa muda mrefu, halafu akafungua mdomo ili nimalizie kazi. Hapo ndipo nilipojua kuwa watu wanaweza kuusikia ukweli na bado wakakaa kwenye kiti.

Sasa tuje kwenye soda.

Nilipoanza kazi, soda ilikuwa kitu cha Krismasi na harusi. Mtoto alikuwa anaweza kumaliza mwaka mzima ameionja mara mbili. Meno yaliyotoboka yalikuwepo, lakini mengi yalikuwa ya watu wazima. Leo kila njia panda ina kibanda, kila kibanda kina friji au ndoo ya maji baridi, na soda zimejaa, na zile za chupa za plastiki zinazotembea na mtu kutwa nzima. Nilianza kung'oa meno ya watoto wa darasa la kwanza. Kisha watoto wasioanza shule. Kisha akaja mtoto wa miaka miwili, meno manne ya mbele ya juu yamekuwa vijiti vya kahawia, na mama yake akanieleza kwa fahari kwamba mwanawe halii usiku kwa sababu analala na chupa ya kunyonyea yenye soda ya machungwa. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama aliyechoka, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Halafu watu wetu wameipa soda vyeo vya dawa. Nyeusi ni ya tumbo. Nyekundu ni ya kuongeza damu. Nyeupe ni ya kuzuia kutapika. Ukipita wodini saa za kuona wagonjwa, kila aliyekuja ana chupa mkononi, na mgonjwa mwenyewe hajala kitu. Nilipokuwa nafanya kazi kwa muda kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, niliwakuta Wakongo wanaiita soda sukre, yaani kitu cha sukari. Nikawaambia ninyi angalau hamjaficha kilichomo. Mama mmoja wa Kikongo akanijibu, "Docta, tunajua ni sukari, lakini mugeni akikuja utamupa nini, maji?" Swali lile lile lilikuwa linanisumbua huku kwetu.

Kwa maana kwetu soda ni heshima. Ninyi mmekulia humo, hamuoni tena, ngoja niwaonyeshe. Mgeni akifika anaulizwa anatumia soda gani. Haulizwi kama anatumia. Mtu anatumwa dukani, chupa inaletwa imefungwa, inafunguliwa mbele ya mgeni ili aone kizibo kinatoka. Kikishatoka, basi. Huwezi kusema umeshiba. Na usiigugumie kwa mkupuo mmoja, utaonekana una njaa au una haraka ya kuondoka. Unakunywa kidogo, unaongea, unakunywa kidogo, unasikiliza. Soda moja inachukua saa nzima. Mwenye nyumba anafurahi kwa sababu mgeni ametulia.

Meno hayafurahi. Hili liandikeni mahali. Soda inaharibu meno kwa njia mbili, wala msizichanganye. Kwanza kuna sukari, ambayo vijidudu vya mdomoni vinaila na kutoa tindikali, na tindikali hiyo inatoboa jino, hasa penye mifereji ya magego na katikati ya jino na jino. Pili kuna tindikali iliyomo ndani ya soda yenyewe, ile inayokuwasha puani. Hiyo haitoboi. Inayeyusha gamba gumu la jino kidogokidogo, jino zima, na gamba hilo likiisha halioti tena. Ndiyo maana hata soda isiyo na sukari haijasalimika. Na kila ukinywa funda moja, mate yanahitaji muda wa kutosha kurudisha hali ya mdomo. Ukimaliza chupa ndani ya dakika chache pamoja na chakula, mate yanapambana mara moja. Ukivuta chupa moja kwa saa nzima, jino linaoga tindikali saa nzima. Heshima yetu yote iko kwenye saa hiyo nzima.

Waendesha bodaboda ndio walionionyesha hilo kwa macho. Wanabeba vile vinywaji vya kuongeza nguvu, wanaonja kila kituo kutoka Kibondo mpaka Kasulu. Vijana wa miaka ishirini na mitano wenye magego yaliyoliwa katikati kama vijiko. Ukiwauliza wanasema mbona hatuumwi. Ni kweli hawaumwi, kwa muda.

Na kuna wale wanaofungua soda kwa meno. Jamani! Nilimpokea kijana wa Gwarama amevaa suti, ua lingali kifuani, ametoka moja kwa moja harusini. Alikuwa mpambe wa bwana harusi, kifungulio kimepotea, wasichana wanatazama. Alifungua kreti nzima, kasoro chupa moja. Ile moja iliondoka na kona ya jino lake la mbele. Nilimuuliza kama kile kipande anacho, akasema alikimeza pamoja na soda, maana wasichana walikuwa bado wanatazama. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamziba jino, na akarudi harusini kabla keki haijakatwa.

Basi huyu mtu wangu.

Alikuwa anaitwa Zabroni, mwinjilisti wa kanisa moja la walokole. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye amezaliwa na kukulia huku, ni raia, analima maharage na anamtumikia Mungu. Mimi ni Mkatoliki, naye hakuacha kunitania kwamba siku moja ataniokoa. Alikuja mara ya kwanza na gego limetoboka, uso umevimba. Nilimng'oa. Nikamuuliza anakunywa soda ngapi kwa siku, akajibu inategemea na nyumba anazotembelea. Nne, tano. Sikukuu, saba.

Mfikirieni vizuri. Ni mtu asiyekunywa pombe, kwa hiyo kila nyumba inamwona hana kingine cha kunywa ila soda. Ni mtumishi wa Mungu, kwa hiyo kumnyima ni aibu, na yeye kukataa ni kuidharau nyumba. Aliniambia kuna mjane mmoja alikopa soda dukani kwa ajili yake, angewezaje kuiacha mezani. Nilimwelewa. Nikafikiri kidogo, nikamwambia asikatae soda, ila abebe mswaki mfukoni, na akimaliza tu soda, hapohapo, aombe maji apige mswaki. Asipoteze hata dakika. Na asugue kwa nguvu, kwa sababu sukari inanata.

Ninyi mliosoma juzi mmeshaliona kosa. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimefundishwa hivyo, na nilikuwa nafundisha hivyo mashuleni, makanisani, kliniki ya watoto. Ukimaliza soda, mswaki.

Kwa wagonjwa wengi ushauri ulikuwa hauna madhara makubwa, kwa sababu watu hawafanyi unalowaambia. Wanasema ndiyo daktari, wanakwenda zao. Zabroni hakuwa mtu wa namna hiyo. Alinunua mswaki mgumu, mgumu kuliko yote iliyokuwepo dukani, akauweka kwenye mfuko wa shati pamoja na kalamu. Nyumba ya kwanza, soda, maombi, kikombe cha maji, nyuma ya nyumba, mswaki. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Watoto walikuwa wanamfuata kumwangalia. Na kama ilivyo kazi ya mwinjilisti, hakubaki na habari njema peke yake. Aliifundisha kila nyumba. Wazazi wakaanza kuwasimamia watoto wao na miswaki, eti ndivyo Mama Daktari alivyosema.

Alirudi kila mwaka nimwangalie. Hakuna tundu. Meno yanang'aa. Nilimsifu. Mbaya zaidi, siku moja nilialikwa kanisani kwao kufundisha usafi wa kinywa, nikamsimamisha mbele, nikawaambia waumini watazame meno ya mwinjilisti wao yanavyong'aa. Wakapiga makofi. Vijana, jino zima lina namna yake ya kung'aa, na kuna mng'ao mwingine, laini mno kama kigae kilichosuguliwa, wa jino linalokwisha. Nilikuwa natazama ugonjwa na kuuita afya, tena mbele ya kanisa.

Mwaka uliofuata alisema maji ya kisimani yanamtia ukakasi. Mwaka mwingine akasema hata hewa ya asubuhi ikimpiga mdomoni anaumia. Nilimwambia huenda hasugui vya kutosha.

Kisha nikaitwa kwenye semina mjini Kigoma. Aliyetufundisha alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa, na nilikaa nyuma nikiwa nimekunja mikono, nikingoja kuona ataniambia nini nisichokijua. Akatoa jino lililong'olewa, alilokuwa amelilowesha kwenye soda kwa siku kadhaa, akalikwaruza kwa kijiti kidogo cha chuma. Ukatoka unga mweupe. Akasema soda inalilainisha gamba la jino, na likiwa laini hivyo, mswaki unaliondoa. Mtu asukutue kwa maji tu, angoje nusu saa, afadhali saa nzima, mate yalikazie gamba, ndipo apige mswaki, na uwe mswaki laini. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikuwa natazama ule unga. Ulikuwa kidogo, ungeweza kuupuliza ukaisha, na mimi nilikuwa nahesabu soda tano kwa siku.

Nitasema sasa jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nilirudi kazini na sikumwambia. Alikuja baada ya wiki chache, nikaangalia mdomo wake kwa macho mapya, nikaona kila kitu. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yamekuwa membamba, kingo zinapitisha mwanga, na ile njano ya ndani imeanza kutokeza. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni umri. Alikuwa hajafika hata miaka hamsini.

Nikajaribu kumwokoa kwa ujanja. Nikamwambia siku hizi tunashauri kusukutua maji kwanza. Akanishukuru. Akawa anasukutua maji, halafu anapiga mswaki hapohapo, kwa sababu nilimwongezea jambo na sikumwondolea lile la kwanza. Ningeliondoaje bila kueleza? Niliona aibu, hiyo tu ndiyo sababu. Nilikuwa Mama Daktari wa wilaya nzima, nimekwisha kuwa mtu mzima, na sikutaka mlokole mmoja aniangalie kwa macho mengine. Miezi minne mizima nilimwacha aendelee kujisugua.

Jino lilivunjika akila kiazi kitamu cha kuchemsha. Si mfupa, si hindi la kuchoma. Kiazi. Alikuja na kipande kimefungwa kwenye leso, akakiweka juu ya meza yangu taratibu, akaniuliza kama kinaweza kurudishwa. Alikuwa na wasiwasi kuhusu jambo moja: Jumapili anahubiri, na hewa inapita pale, maneno hayatoki sawasawa. Aliniambia kuhubiri ndiyo kazi pekee anayoijua vizuri, kulima anajaribu tu.

Nilifunga mlango. Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa, maana yeye alikuwa amesimama.

"Mwinjilisti," nikamwambia, "jino hilo nimelivunja mimi."

Alidhani natania, akatabasamu. Nikamweleza yote. Mswaki, soda, semina, ule unga. Nikamweleza na ile miezi minne, na kwamba nilipomwambia ni umri nilikuwa najua si umri. Hapo ndipo tabasamu lilipokwisha. Alichukua leso yake, akaikunja, akaikunjua. Nilingoja anitukane, na ningepumua kama angenitukana.

Alichoniuliza ni kama watoto nao wanaathirika hivyohivyo. Nikasema ndiyo, meno ya watoto ndiyo laini zaidi.

"Mama Daktari," akasema, "unajua nimeingia nyumba ngapi na maneno yako?"

Nikasema sijui.

"Ninyi kwenu mnaungama kwa padri. Mtu mmoja, mnamaliza. Sisi huku mtu anasema mbele za wale aliowakosea. Nitakupeleka, nyumba kwa nyumba. Mimi nitabisha hodi, wewe utasema."

Nilikubali. Ningefanya nini? Katika meno manne ya mbele ya juu, mawili niliyajenga kwa dawa nyeupe ya kuzibia, na nilimwambia kuwa hayatadumu sana. Mawili mengine yalikuwa yameshafika kwenye mshipa, nikayang'oa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilihesabu kwa sauti, nikaangalia pembeni, nikahesabu tena. Meno ya bandia yalikuwa yanatengenezwa mbali, yangechukua muda. Jumapili ile alihubiri na pengo lake. Sikwenda kusikiliza.

Tulianza Jumamosi iliyofuata, nyumba za Busunzu. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mzee wa kanisa, mwenye binti yake anayeitwa Riziki, msichana wa kama miaka ishirini, fundi cherehani. Tulisalimiana, mwakeye, mwakeye, tukaketi. Kabla sijafungua mdomo, soda mbili zilikuwa zimeshafika na mwenye nyumba ameshika kifungulio. Mwinjilisti akaweka kiganja chake juu ya kizibo. Yule mama alirudi nyuma hatua moja, akamwangalia kama amemtukana. Katika miaka yote hakuwahi kukataa kitu katika nyumba ile. Akaniangalia mimi, akaamua ni mimi Mkatoliki niliyemharibu.

"Mwache aseme kwanza," Zabroni akamwambia.

Nikasema. Nilikuwa nimejitayarisha maneno mazuri na yote yalinipotea, basi nikasema kavu. Kwamba niliwafundisha wapige mswaki mara baada ya soda, na nilikosea. Kwamba wasukutue maji, wangoje, ndipo wapige mswaki. Kwamba soda ni bora inywewe na chakula na kumalizika, isivutwe mchana kutwa, na maji si aibu kumpa mgeni. Kwamba mwinjilisti wao alifuata maneno yangu kuliko mtu yeyote, na matokeo wanayaona. Kwamba nilipojua, nilinyamaza, na wakati nimenyamaza ndipo jino lake lilipovunjika. Zabroni hakuongeza neno. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mswaki haumo mfukoni.

Yule mama aliweka kifungulio mezani. Kisha akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

"Huyu nilimchapa," akasema. "Nilimchapa sana, kwa ajili ya mswaki wako."

Nikamwomba Riziki asogee kwenye mwanga wa mlango, afungue mdomo. Nilijua nitakachokikuta, nilikuwa nimeshakihesabu njiani. Nikatazama juu, nikatazama chini, nikarudia. Meno mazima. Kingo nene, gamba lake lote, hakuna pa kutia kidole. Nikamuuliza imekuwaje, yeye si alisimamiwa? Akamtazama mama yake kwanza, akapima kama viboko bado vipo.

"Nilikuwa nalowesha mswaki kwenye ndoo," akasema. "Mama akiuona umelowa, ananiachia nikacheze."

Mama yake alimtupia khanga, kisha akacheka, akacheka mpaka akashika goti. Riziki naye akacheka, mdomo wazi, meno yote nje. Zabroni akacheka kuliko wote, mabega yakimtikisika, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja ili tusione pengo. Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa pale nikimtazama yule mtu aliyenitii, na mkono wake mdomoni, mpaka walipomaliza na akaniambia tunyanyuke, nyumba ni nyingi.